Anapiga chenji kunishinda, lakini "samaki" anasoma "samani"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Nkuhungu, Dodoma, nina genge. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, yuko darasa la tatu shule ya serikali. Kwenye chenji ananishinda; mteja akichukua vitu sita, yeye keshataja jumla kabla sijashika simu nipige hesabu. Taa ya sola iliyokufa kaifufua kwa spea za redio ya babu yake. Ukimsimulia hadithi leo, kesho anakurudishia yote bila kuacha kitu. Ila kusoma, Mwalimu, ni kilio. "Samaki" anasoma "samani", mstari mmoja unamaliza dakika nzima, na daftari la imla ni nyekundu tupu. Mwalimu wake anasema ni mvivu na ana dharau, na ameshachapwa kwa ajili hiyo. Baba yake amezifungia redio zake kabatini mpaka ajue kusoma, na anataka akariri darasa. Dada yangu wa Dar anasema hiyo ni disleksia, nimhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza, huko ndiko kuna utaalamu. Nimpeleke wapi hapa Dodoma? Mama J.

JIBU: Marahaba, Mama J. Nianze na kabati. Kabla hujampeleka kijana popote, mwombe Baba J. alifungue na amrudishie redio zake, ikiwezekana leo jioni. Najua amefanya hivyo kwa uchungu wa mzazi. Lakini hizo redio ndizo mahali pekee ambapo mtoto huyo, kwa sasa, anajiona ana akili. Shuleni anaambiwa hana, kutwa nzima. Akirudi nyumbani akakuta na huko pamefungwa, atakubaliana na shule. Nimefundisha watoto waliokwisha kubaliana na shule wakiwa na miaka kumi tu, na kuwarudisha kulinichosha kuliko kuwafundisha kusoma.

Sasa, je, ni disleksia? Sijamwona, kwa hiyo jina hilo sitaliandika kwenye karatasi. Ila ulichoeleza kinatosha kuanza kazi kesho. Disleksia ni ugumu wa ubongo kuzinasa sauti zilizomo ndani ya neno na kuzifunga na herufi zake upesi. Macho mazima, akili nzima, bidii ipo, ila lile fundo halifungiki kwa urahisi. Huenda kwa ukoo: mzazi akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo unakaribia nusu. (Mwulize Baba J., kwa upole, yeye kusoma alijua akiwa darasa la ngapi. Majibu ya akina baba kwa swali hilo yamenifundisha mengi.) Watafiti wengi hutaja watoto 5 hadi 10 kati ya kila 100. Kwenye darasa la watoto 80, na hapa Dodoma madarasa hayo tunayo, ni watoto wanne hadi wanane wamekaa humo humo wakiitwa wavivu.

Wala si mambo ya juzi. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Hesabu alikuwa haoni shida nazo, michezoni hakuachwa nyuma, lakini jina lake mwenyewe aliliandika "Precy" na kosa asilione. Mwalimu aliyemfundisha miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, huyo ndiye angekuwa kijana mwerevu kupita wote shuleni pale. Nikisoma barua kama yako, huyo mwalimu ndiye ninayemkumbuka. Hakuwa na kipimo, hakuwa na jina la kitaalamu, lakini alimwangalia mtoto vizuri.

Mtoto mwenye kipaji na disleksia kwa pamoja ndiye mgumu kuliko wote kutambuliwa, kwa sababu kimoja kinakifunika kingine. Akili inamsaidia kubahatisha, kukariri, kusoma uso wa mwalimu, hivyo hashiki mkia. Na kusoma kunamvuta chini, hivyo hashiki namba za juu. Anatokea katikati ya orodha akiwa na maksi 45, na kwenye ripoti ataandikiwa "aongeze bidii". Msaada wa wanaoshindwa haumfikii, na nafasi za wanaofaulu hazimfikii.

Nami si msafi katika hili. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na msichana ambaye kila nikimsimamisha alisoma aya nzima bila kukwama, na kwa mbwembwe. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikamwambia aanze na sentensi ya mwisho apande juu. Kimya. Kumbe alikuwa akiwasikiliza wenzake waliomtangulia. Akishaisikia aya mara tatu, keshaimeza. Muhula mzima nilikuwa nimempa alama za kusoma kwa kazi iliyofanywa na masikio yake.

Kwa hiyo jaribu hilo hilo nyumbani. Chukua kitabu cha darasa la pili, ukurasa asioujua, asome sentensi kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana: pamoti, sedubo, shwimbo, ng'ateki. Mwambie wazi kwamba ni maneno ya uongo, ni majina ya majoka. Mtoto anayejua kusoma atayatamka hata kama hajawahi kuyaona. Anayebahatisha atayageuza kuwa maneno anayoyajua, au atakwama. Halafu weka vitabu pembeni, tumia masikio tu: "Sema kalamu. Sasa sema kalamu bila la." Jibu ni "kamu". Akihangaika na michezo hii midogo ilhali jumla ya vitu sita anaipata kichwani, umeona kwa macho yako kile ninachokieleza. Mwisho, weka saa ya simu dakika moja, hesabu maneno aliyosoma sawasawa, andika namba hiyo na tarehe. Kigezo kilichowekwa nchini kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika. Namba hizo usimwambie mtoto.

Hapa lazima nikae kidogo, maana mengi yanayozunguka kwenye simu kuhusu disleksia yametolewa kwa wanaosoma Kiingereza. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa msomaji: herufi a ni a popote uendapo, na silabi nyingi ni konsonanti na irabu, basi. Ndiyo maana mtoto wetu mwenye disleksia mara nyingi hatimaye anasoma sahihi, ila polepole sana, kama wanavyoonekana watoto wa Italia na Ufini ambao lugha zao nazo huandikwa jinsi zinavyotamkwa. Mwalimu anayetafuta makosa tu hataona kitu. Tafuta mwendo. Tafuta pia herufi mwambatano, zile mb, nd, ng, ng', mbw, shw: "ng'ombe" inakuwa "gobe", "kombe" inakuwa "kobe". Tafuta vitenzi virefu vyetu vilivyobeba sentensi nzima mgongoni. "Hawatakuletea" humwangusha mtoto aliyesoma "leta" bila shida. Na tazama maandishi yake, kama anakata neno mahali pasipokatwa, "ana ni pigia".

Na yapo yasiyo disleksia. Mtoto ambaye nyumbani kwao r na l ni kitu kimoja ataandika "kura" akimaanisha "kula". Anaandika anavyosema, hilo ni suala la lahaja na mazoezi. "Selasini" badala ya "thelathini", vivyo hivyo. Kugeuza b na d akiwa na miaka sita ni kawaida. Akiwa na tisa bado anageuza, liweke kwenye orodha.

Hiyo "samani" yako nayo ina habari nzuri ndani yake. Sa na ma amezipata. Akachoka, akaangalia urefu wa neno, akatupia la kwenye hazina yake linalofanana. Mvivu hafanyi kazi yote hiyo kwa neno moja.

Wapi pa kwenda. Kwanza macho na masikio, maana mtoto asiyeona ubao na aliyewahi kuugua masikio mara kwa mara anaweza kuonekana hivyo hivyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale tunapopaita General, au Benjamin Mkapa. Mwambie daktari unataka apimwe kuona na kusikia kwa sababu ya shida ya kusoma, na uondoke na majibu kwa maandishi. Kuna jirani atakutajia Mirembe kwa sauti ya chini. Hapa Dodoma jina hilo limefanywa utani mbaya, lakini ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kama kijana ameanza kukojoa kitandani, haongei, au kila asubuhi tumbo linamuuma akisikia shule, ukielekezwa huko nenda bila aibu. Disleksia yenyewe si ugonjwa wa akili na haina dawa ya kumeza. Atakayekuuzia vidonge, mafuta au miwani ya rangi, mwachie bidhaa yake.

Baada ya hapo, njia inapita shuleni, hata kama sasa hivi huna hamu na shule. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, ukiomba mtoto afanyiwe tathmini ya mahitaji maalumu ya kujifunza, ambatisha majibu ya hospitali na daftari moja la imla. Nakala moja ibaki kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kutoka kwa mwalimu mkuu inakwenda kwa Afisa Elimu Kata, na Halmashauri ya Jiji ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Mwombe huyo akuunganishe na mwalimu wa elimu maalumu aliye karibu na Nkuhungu. Wengi wao wamesomea Chuo cha Patandi, kule Arusha, na wako kwenye vitengo ndani ya shule za msingi za kawaida. Kwa wasioona tuna shule ya Buigiri hapa jirani, Chamwino, tangu 1950. Kwa watoto wa disleksia hakuna Buigiri yao, na binafsi sioni kama wanaihitaji. Wanahitaji mwalimu mmoja anayejua, nusu saa mara chache kwa wiki, kwenye shule ile ile waliko rafiki zao. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nao wana wahadhiri wa saikolojia ya elimu, ukigonga mlango kwa heshima wengi husikiliza. Dar panda treni ukiwa umeshamaliza haya. Watu huja kwangu wameshauza mbuzi kwa safari ya kipimo, na mtoto bado hajafundishwa hata silabi moja kwa njia tofauti.

Maana kipimo hakifundishi. Kinachofundisha ni dakika ishirini, siku tano kwa wiki, saa ambayo genge limepoa. Unahitaji sinia, mchanga (huo tumejaliwa), vifuniko vya soda na kadi ulizokata kwenye boksi la biskuti. Tuseme leo ni "ng'ombe". Usianze na herufi. Litamkeni polepole, na kwa kila sauti mtoto asukume kifuniko kimoja: ng', o, mb, e. Vifuniko vinne. Sasa aandike kwenye mchanga chini ya kila kifuniko, kwa kidole, huku akitoa sauti yenyewe, asitaje jina la herufi. Chini ya kifuniko cha kwanza zitakaa alama tatu: n, g na kile kikoma cha juu. Mtoto fundi hulipenda hili. Mwambie ni waya tatu zinazoingia kwenye pini moja. Ukitoa moja, redio hailii, inakuwa "ngombe" au "gombe". Vifuniko vinne, alama saba. Kisha ng'ara, ng'oa, ng'ang'ania. Kisha aweke kando, umsomee maneno matano ya imla, na akosoe mwenyewe kwa kulinganisha na kadi. Kalamu nyekundu isiguse daftari hilo. Kesho mnaanza na kadi za jana kabla ya kitu kipya, na hamuendi mbele mpaka ya jana yatoke bila kusitasita. Itaonekana kama mnatambaa. Endeleeni.

Siku ambayo umechoka au amechoka, fanyeni dakika tano muache. Siku mbili za kugombana zinaharibu wiki nzima.

Wakati huo huo akili yake isishinde njaa ikisubiri macho yajifunze. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinapatikana bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Somea kwenye simu kwa sauti yako, au dada yake mkubwa arekodi, asikilize Sayansi ya wiki ijayo kabla haijafundishwa darasani. Mwombe mwalimu amuulize maswali kwa mdomo, na asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake bila kumpa aya hiyo tangu jana. Akipata fundi redio mwaminifu wa kukaa naye Jumamosi, mpeleke. Huko kuna maandishi madogo madogo kwenye spea, na atayasoma kwa sababu anayahitaji.

Kuhusu viboko: kanuni za mwaka 2002 zinasema ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na kwa makosa makubwa ya nidhamu. Imla haimo. Huna haja ya kwenda kugombana. Mwambie mwalimu mkuu kwamba unaijua kanuni hiyo na ungependa mshirikiane. Sentensi hiyo moja kwa kawaida inatosha. Na usimchukie mwalimu wa darasa. Ana watoto wengi kuliko madawati, na huenda hakuna aliyewahi kumwambia neno disleksia.

Kukariri darasa sikubaliani nako. Atafundishwa kitu kile kile kwa namna ile ile, akiwa mrefu kuliko wenzake, na hesabu anazozijua zitamchosha mpaka awe mtundu kweli. Baba J. akihitaji hoja, mwambie: ukipeleka redio kwa fundi, ikarudi hailii, humrudishii fundi yule yule aifanye vile vile.

Shule ya mchepuo wa Kiingereza, hapo na dada yako naomba tupingane waziwazi. Sijui shule gani anaifikiria, na zipo nzuri. Lakini mtoto ambaye fundo la sauti na herufi halijafungika kwenye Kiswahili, ambako kila herufi inatimiza ahadi, unampeleka kwenye lugha ambayo "one" inaanza na sauti isiyomo kwenye herufi zake, na herufi "ough" zinatamkwa hivi kwenye "though" na vingine kabisa kwenye "enough". Kiingereza ni kigumu kuliko karibu lugha zote kwa wenye disleksia. Ajue kwanza Kiswahili, kwa kasi ya kueleweka. Kiingereza mpe kwa masikio tangu sasa: katuni, nyimbo, mazungumzo. Akifika kidato cha kwanza kila kitu kitageuka Kiingereza, na anayekijua kwa masikio atakuwa na mahali pa kuyashikiza maandishi. Kama shule hiyo ina mwalimu wa elimu maalumu na madarasa ya watoto 25, njoo tuongee upya, ila uwe umemwona mwalimu huyo kwa macho. Tangazo lililobandikwa getini halitoshi.

Mitihani ndiyo inayonifanya nikuharakishe na ile barua. Mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Baraza la mitihani, NECTA, huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na taarifa za mtahiniwa hutoka shuleni wakati wa usajili, miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Fimbo nyeupe ya asiyeona kila mtu anaiona. Disleksia haionekani, kwa hiyo ushahidi utaubeba wewe: majibu ya hospitali, ripoti ya mwalimu wa elimu maalumu, madaftari ya imla yenye tarehe, na hiyo namba ya maneno kwa dakika kila mwezi. Nunua faili la plastiki leo leo, weka kila karatasi humo, na kila unapoongea na mtu wa shule andika nyuma ya karatasi ni lini na alisema nini.

Niandikie baada ya wiki nane za vifuniko na mchanga. Nitumie namba mbili, maneno kwa dakika ya siku ya kwanza na ya siku hiyo, na sauti yake iliyorekodiwa akisoma ukurasa mmoja kutoka chini kwenda juu. Na uniambie ile taa ya sola bado inawaka.